Zamu ya Kompyuta

Dada yangu alikuwa mtu wa kungoja. Mimi sivyo. Nikikiona kitambaa kizuri sokoni nakinunua kabla sijauliza kama kinatoa rangi, na nimenunua vingi vilivyotoa. Yeye aliweza kuzunguka soko zima la Kawangware asubuhi akarudi mikono mitupu, kwa sababu nyanya za jioni ni nafuu. Nikimcheka, alinijibu kwamba subira huvuta heri. Nami nilimrudishia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Tuliishi hivyo tangu utotoni kwetu magharibi, kila mmoja na methali yake, na hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake.

Katika nusu ya pili ya miaka ya tisini nilikuwa nikishona nguo Kibera, upande wa Mashimoni, cherehani yangu nimeiweka mlangoni ili nipate mwanga. Dada alikuwa na chumba cha kupiga chapa Kawangware, karibu na Riruta Satellite. Alikuwa na taipureta mbili, mashine ya kurudufu inayozungushwa kwa mkono, na ubao wa rangi nyekundu uliosema kwamba barua na mitihani hupigwa hapa. Mitihani ndiyo iliyomlisha. Mwisho wa muhula walimu wakuu wa shule za msingi walimletea maswali yaliyoandikwa kwa mkono, yeye akayapiga kwenye stensili, kisha akazungusha mashine mpaka bega likamuuma. Barua za kuomba kazi zilileta pesa ya mboga. Kodi ya chumba na karo ya wanawe wawili zilitoka kwenye mitihani.

Halafu mtu mmoja akafungua chumba chenye kompyuta kando ya barabara, karibu na kituo cha Satellite. Ukitaka kuingia unavua viatu mlangoni. Kompyuta yenyewe ilikaa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma kilichotiwa wanga, na mwenyewe alikiondoa taratibu mbele ya wateja. Watu walirudi wakisimulia kwamba ukikosea neno hulipaki dawa nyeupe, unalifuta tu, na karatasi inatoka safi. Walimu wakaanza kumwuliza dada, kwa upole, "Wewe bado hujaleta kompyuta?" Naye akawaambia, "Iko njiani." Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kujiuliza hiyo njia ina urefu gani.

Bei ya kwanza aliyoambiwa mjini ilimrudisha nyumbani akicheka peke yake. Ingenunua kipande cha shamba kwetu, na mbuzi wa kulisha humo. Lakini kila mwezi alikwenda mjini kununua stensili na wino, na akishamaliza, miguu ilimpeleka kwenye duka moja upande wa chini wa mji, akaijulia hali ile kompyuta. Siku moja alikuja moja kwa moja hadi Mashimoni, hata mzigo wa stensili hajaupeleka kwake.

"Imeshuka," alisema.

"Nini kimeshuka?"

"Bei."

Nilisimamisha cherehani. Lazima mtu akumbuke miaka ile ilivyokuwa. Unga ulipanda. Sukari ilipanda. Mafuta ya taa yalipanda, na uzi wangu, na sindano, na kodi ya nyumba ya mabati inayovuja. Sisi tulikuwa tumezoea bei kupanda hadi tukadhani ndiyo kazi yake. Kusikia kwamba kuna kitu huko mjini kinashuka bei bila kuombwa, kwangu ilikuwa habari ya kutia shaka.

"Kina kasoro," nilimwambia.

"Hakina. Wanatengeneza zingine kila siku, na hizi za zamani zinakuja kwa kontena kutoka kwa maofisi ya majuu, huko Ulaya. Mwezi ujao itashuka tena."

"Kwa hivyo umenunua?"

Alinitazama akanihurumia. "Si nimekwambia mwezi ujao itashuka tena?"

Hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wake. Bei ikishuka, alikuja kwangu akiwa na furaha ya mtu aliyelipwa. "Leo nimepata faida," alisema. Nikimwuliza kaipata wapi, alieleza kwamba angalinunua mwezi uliopita angalipoteza pesa, na kwa kuwa hakununua, pesa ile ameiokoa. Nikamwambia kwamba kwa hesabu hiyo, akikaa bila kununua kitu chochote maisha yake yote atakuwa tajiri kuliko mwenye nyumba wetu. Alicheka, lakini hakunisikia.

Na hakuwa peke yake. Nikienda kumtembelea Kawangware niliwakuta wamekaa kwenye fomu yake, lile benchi la wateja: mwalimu aliyetaka kufungua darasa la kompyuta, karani wa kanisa, mzee mmoja aliyestaafu na kulipwa haki zake zote. Wote walikuwa na pesa, au karibu wawe nazo. Bei ilipokuwa juu hakuna aliyeifikiria kompyuta. Sasa imeanza kuteremka, kila mtu anaizungumzia, na wanaoizungumzia zaidi ndio wasionunua. Walimwuliza dada, "Imefika wapi?" kama watu wanaoulizia matokeo ya mpira. Akiwaambia imeshuka, wanafurahi, wanakunywa chai yake, wanaondoka kungoja.

Sasa nieleze habari za chama, kwa sababu kompyuta ya dada ilitegemea hapo.

Tulikuwa wanawake wa Kibera na Kawangware, wengine wetu kutoka magharibi, wengine kutoka ziwani, tukichanga kila mwezi na kumpa mmoja wetu. Zamu zilipangwa kwa kura: vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya sufuria, kila mmoja anachovya mkono baada ya sala. Chama chetu kilikuwa na kanuni moja niliyoipenda. Hakikutoa pesa mkononi. Pesa ya mkononi huliwa na mume, au na ndugu wa mume, au na msiba usio wako. Ulipofika mwezi wako, ulitaja kitu unachotaka, na wanachama wote mnafuatana nawe hadi dukani, pesa imefungwa kwenye pembe ya leso yako. Mnakagua, mnapigania bei kwa midomo yote, mnalipa, kisha mnakibeba hadi nyumbani mkiimba. Cherehani yangu ililetwa Mashimoni hivyo, juu ya kichwa cha mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Kisumu Ndogo ndani ya Kibera. Hakuwa na maneno mengi, ila aliyokuwa nayo yalikuwa mazito. Dada alipomweleza mara ya kwanza juu ya bei ya kompyuta, mama yule alitikisa kichwa.

"Mtoto wangu, kitu ikishuka bei imeanza kunuka. Mimi asubuhi nikiitisha bei, naitisha. Jioni napunguza. Unafikiria napunguza kwa sababu nawapenda?"

"Kompyuta hainuki, mama."

"Kwa pua yako," alisema mwenyekiti, na hakuongeza kitu.

Kura ya duru mpya ilipopigwa, dada alishika zamu ya kwanza. Katika vyama vingine watu hugombana kwa ajili ya zamu ya kwanza. Nimeona wanawake wakinuniana mwaka mzima. Dada alifungua kikaratasi, akakitazama, kisha akampa jirani yake, mama aliyekuwa akinyeshewa ndani ya nyumba. "Chukua wewe," alisema. "Mimi nitangoja."

Chumba kizima kilipiga vigelegele. Mabati yakanunuliwa, tukayabeba tukiimba. Mwezi uliofuata, zamu ilikuwa tena yake kwa kubadilishana, akampisha mwingine aliyetaka ng'ombe wa maziwa wa kumpelekea mama yake mashambani. Mwezi mwingine akampisha wa karo. Kila alipopisha, bei ya kompyuta ilikuwa imeshuka, na kila iliposhuka, yeye alihesabu faida yake kimya kimya huku wenzake wakilia machozi ya shukrani. Jumapili moja kanisani alisimamishwa mbele ya watu kama mfano wa mwanamke anayewatanguliza wengine. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Niliangalia sakafu nisije nikacheka, kisha nikamwona amenyoosha shingo akipokea makofi, na hamu ya kucheka ikaniisha yenyewe. Niliona aibu kwa ajili yake, na nilimwonea huruma. Alikuwa amepewa jina ambalo hakuliomba, na sasa angelazimika kulivaa.

Huku nyuma, walimu waliondoka mmoja mmoja. Hawakugombana naye. Mwisho wa muhula ulifika na wengine hawakuonekana, basi. Ukipita barabarani uliwaona wakivua viatu kwenye mlango wa yule jirani mwenye kompyuta. Taipureta moja ilikaa bila kazi, akaifunika. Printa alikuwa nayo tayari, ya mtumba, aliyouziwa na ofisi iliyokuwa ikihama. Ilikaa mezani imefunikwa kitambaa chake, bwana harusi anayengoja bibi. Nilimwambia, "Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako." Akasema nimezoea kupiga kelele.

Aliyebaki alikuwa mwalimu mkuu mmoja mzee, mtu wa kofia na mwavuli, aliyemletea mitihani tangu siku alipofungua chumba. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa shule kadhaa za karibu, na anakopeleka karatasi zake wenzake hufuata. Nilikuwepo siku alipokuja. Hakukaa.

"Mama," alisema, "mimi sitaki kukuacha. Lakini wenzangu wanataka karatasi zifanane na zile za mtihani wa taifa, na michoro iwe safi. Muhula huu nitangoja mpaka wiki ya mitihani. Ukiwa na kompyuta, kazi ya shule zetu zote ni yako. Ukikosa, usinilaumu."

Alipotoka, dada alikaa juu ya fomu ya wateja. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nikipoteza huyu nafunga," aliniambia. "Sina kwingine pa kutoa karo."

Alikuwa amekwishapiga hesabu. Bei ilikuwa imeteremka hadi pale alipoweza: pesa za chama pamoja na akiba yake zingetosha. Na katika duru ile walibaki wawili tu ambao hawajapata, yeye na mama mmoja aliyepika chapati kando ya njia huko Mashimoni. Mwezi huu ulikuwa wa dada, mwezi unaofuata wa mama wa chapati. Wiki ya mitihani ilikuwa katikati.

Mkutano ulikuwa kwangu. Nilikuwa nimesogeza cherehani na kutandika mikeka, na chai ilikuwa tayari. Baada ya sala, mama wa chapati akaomba kusema. Alikuwa mwanamke mwembamba, mchapakazi, asiyelalamika, na kwa hiyo alipoanza kusema na sauti ikamkatika, sote tulisogea kumsikiliza.

"Nyinyi mmesikia vile askari wa jiji wamenifanyia," alisema. "Wamekuja kusafisha barabara, wamevunja kibanda. Jiko wamebeba. Meza wamebeba. Hata karai ya kukanda unga. Mwezi mzima bila kazi, mimi na hawa watoto tutakula nini? Mimi naomba kitu moja tu. Naomba huyu dada yetu anipishe, vile amekuwa akipisha wengine. Yeye ni mtu ya roho safi."

Nyuso zote zikamgeukia dada, tayari zinatabasamu. Mmoja alikwisha kuanza kupiga makofi.

Mimi nilimtazama. Nilijua akisema ndiyo, chumba chake kimekwisha. Nilijua pia kwamba kusema hapana mbele ya makofi yale kungekuwa kugumu kuliko kufunga chumba. Kwa mara ya kwanza nilitamani angekuwa mtu wa haraka kama mimi, angekuwa amechukua zamu yake siku ile ya kwanza na kwenda zake, bila sifa za mtu.

"Hapana," alisema dada.

Makofi yakakoma. Yeye hakuwa akimtazama mtu yeyote.

"Mwezi huu siwezi. Na niwaambie ukweli, kwa sababu nimechoka. Mimi sikuwa nawapisha. Nilikuwa nangoja kompyuta ishuke bei. Wewe wa mabati, wewe wa ng'ombe, wewe wa karo, hakuna hata mmoja nilimpisha kwa roho safi. Kila mwezi nilikuwa napiga hesabu yangu, na nyinyi mnanishukuru. Sasa nikingoja tena, kazi yangu imekwisha. Nisameheni."

Mama wa mabati alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo, amekisahau pale.

Ni mwenyekiti aliyesema.

"Umemaliza?" alimwuliza. Dada akaitikia kwa kichwa. "Basi nisikize. Mimi nimeuza omena tangu watoto wako hawajazaliwa. Mteja wa jioni namjua. Asubuhi anapita, anaangalia. Saa sita anarudi, anashika, anaacha. Anajifanya anaenda zake. Wewe nilikujua siku ya kura. Nilinyamaza kwa sababu mwenye nyumba inavuja alipata mabati. Mabati haiulizi ulitoa na roho gani."

Mtu mmoja alicheka kidogo akajizuia.

"Lakini mteja wa jioni kuna kitu hajui," mama yule aliendelea. "Siku zingine omena inaisha saa kumi. Anakuja na bakuli yake, anapata meza imeoshwa. Analala njaa, na pesa iko mfukoni. Hii zamu ni yako kwa haki. Uichukue, ununue, uache kutuzungushazungusha."

Kisha akamgeukia mama wa chapati. "Na wewe, mwezi ujao ni wako, hakuna mtu ataguza. Kwa sasa tutaangalia vile tutakushikilia."

"Sawa," alisema mama wa chapati.

Alisema neno hilo moja tu. Tulichanga vitu palepale, unga kidogo, sukari, mimi nikatoa sufuria yangu nzuri, na yeye akavipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Lakini hakumtazama dada, na dada hakumtazama. Nilipokuwa nikikunja mikeka baadaye nilikasirika bila kujua nimkasirikie nani. Wote wawili walikuwa na haki. Laiti mmoja wao angekuwa mwizi, ingekuwa rahisi.

Siku ya kwenda mjini nilidhani mama wa chapati hatakuja. Alikuja. Kanuni ilisema wote, naye alikuja akiwa amejifunga leso kiunoni, akatembea nyuma yetu kimya. Tuliingia kwenye lile duka kwa kundi mpaka yule kijana muuzaji akasimama.

"Sasa, mamathe! Nyinyi wote mnanunua?"

"Tunanunua moja," alisema mwenyekiti. "Leta."

Kijana akaiwasha. Mwenyekiti hakujali skrini. Alizunguka nyuma ya ile mashine, akainama, akaweka pua kwenye matundu yake, akavuta pumzi kwa makini huku sote tukingoja. "Inanuka vumbi," alitangaza. "Vumbi si mbaya." Kijana alitaka kucheka akaona uso wake, akaacha.

Dada akakaa kwenye kiti. Aliandika jina la shule na neno Mtihani, vidole vikienda kwa kasi ya mtu aliyezoea taipureta nzito. Akabonyeza kwa nguvu mno, herufi zikajaa mstari mzima. Kisha akazifuta zote. "Imekula maneno!" alipiga kelele mama wa mabati, na sote tukasogea kuona. Dada aliandika tena, akafuta tena. Sijawahi kumwona akiwa na furaha namna ile, hata siku ya harusi yake. Tukapigania bei. Ilipunguzwa kidogo, si sana.

Kijana alikuwa muungwana, au alikuwa na mdomo mrefu, sijui. Alipokuwa akifunga nyaya akasema, "Mathe, hii biashara ni ngumu. Bei ikishuka watu wanakuja kuangalia tu, wanasema wangoje ishuke tena. Siku dola ilipanda, bei ikapanda kidogo, ndio waliingia wakinunua kama watu wanakimbizwa. Na kusema ukweli, hata mwezi ujao tunafungua kontena ingine. Hii itashuka."

Mkono wa dada ulikuwa kwenye fundo la leso. Ukasimama.

Mimi nimeishi na uso ule tangu nizaliwe. Niliona macho yakienda mbali kidogo, midomo ikisogea bila sauti, akitoa na kujumlisha. Mwalimu mkuu, mitihani, karo, yale aliyoyakiri mbele ya wanawake wenzake, vyote vilikuwa vimetoka kichwani mwake, na imebaki ile bei ya mwezi ujao.

"Labda," alisema, "tukimwomba mwalimu..."

"Labda nini?"

Alikuwa mama wa chapati. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. Alitoka nyuma yetu, akapita katikati ya mwenyekiti na mimi, akaishika leso ya dada pamoja na mkono uliokuwa juu yake. Fundo lilikuwa gumu. Akalifungua kwa meno. Akazitoa pesa zote, akaziweka juu ya kaunta, akazinyoosha kwa kiganja.

"Hesabu, kijana," alisema. Kisha akamgeukia dada, na machozi yalikuwa yamemjaa. "Mimi watoto wangu wanakula ya kuombwa kwa sababu ya hii kitu. Utaibeba leo. Haitangoja hata siku moja."

Kijana akahesabu.

Tuliposhuka Satellite, skrini aliibeba mama wa chapati kichwani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na shingo imara kuliko sisi sote, na hakutaka kupokewa. Wimbo uliinuliwa, mwanzoni kwa woga, kisha kwa nguvu. Watu walitoka madukani kutazama. Yule jirani mwenye kompyuta alisimama mlangoni pake pekupeku. Kesho yake mwalimu mkuu alikuja na mwavuli wake, akavua viatu bila kuambiwa, na wiki ya mitihani dada hakulala nyumbani kwake. Shule zote zilileta. Alilipa kodi, alilipa karo, na mwalimu wa darasa la kompyuta, karani na mzee mstaafu walikuja kutazama mashine yake, wakamsifu, wakasema wao watangoja kidogo.

Mwezi uliofuata nilikwenda mjini kununua vifungo, nikapita mbele ya duka lile. Bei ilikuwa imeshuka kweli, tena sana. Nilifurahi kwa ubaya wangu. Niliiweka habari hiyo moyoni ili nimtanie dada siku ya zamu ya mama wa chapati, mbele ya watu wote, nimwone atakavyoruka.

Siku hiyo tulikwenda naye kwa muuzaji wa jumla. Orodha yake alikuwa nayo kichwani tangu siku kibanda kilipovunjwa: jiko, karai, meza, magunia mawili ya unga wa ngano, mafuta. Alikuwa amejua bei zote. Tukachukua jiko, tukachukua karai, meza tukaagiza kwa fundi. Tulipofika kwenye unga, mwenye duka akataja bei, na mama wa chapati akamwomba arudie.

"Umepanda, mama. Tangu wiki jana. Na mafuta pia."

Alizitazama pesa zilizobaki kwenye leso yake, akalitazama gunia la pili, akalisukuma kwa mguu, taratibu, lirudi mahali pake. Hakulalamika. "Hiyo moja inatosha," alisema. "Nitaanza na hiyo."

Nilikuwa nimedhani mwezi ni mmoja kwa kila mtu. Mimi nilikuwa sijafikiri zaidi ya hapo. Nilisimama pale nikaelewa kwamba mwezi uleule uliompunguzia dada bei ya kompyuta kila alipongoja ulikuwa ukimpandishia mwenzake bei ya unga. Angepewa zamu mwezi ule aliouomba, magunia yangekuwa mawili.

Dada alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia kabla sijamwona, sauti ndogo ya kitambaa kinachovutwa. Alikuwa akifungua pembe ya leso yake mwenyewe, si ya chama. Ilikuwa pesa ya mitihani. Alihangaika na fundo, kisha akainama akalifungua kwa meno. Hakuuliza mwenye duka kama unga utashuka. Aliweka pesa juu ya kaunta, akaliinua lile gunia la pili mwenyewe, akaliweka juu ya la kwanza.

Mama wa chapati alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu siku ile ya kununua kompyuta.

"Sasa ndio umenipisha," alisema.

Tukabeba. Ile habari ya bei ya kompyuta kushuka sikumwambia dada, siku ile wala baadaye.